Kaza kwa Mkono

Mwanzo nilidhani ni kiyoyozi.
Agosti hapa Mabela kila kitu hutoa maji,
madirisha yanatoka jasho upande wa nje,
hata kitasa cha mlango ukikishika kinakuachia unyevu;
nani atashughulika na tone moja zaidi?

Lakini tone hili lilikuwa na saa yake.
Ti.
Nikahesabu hadi kumi na moja.
Ti.

Nikapiga magoti, nikafungua kabati chini ya tangi,
nikamulika kwa simu:
mabomba meupe, pampu ikinguruma kama paka aliyeshiba,
na kwenye kiungo cha tatu, chumvi,
imeota manyoya.
Maji hukimbia. Chumvi hubaki kutoa ushahidi.

Zahran yuko Marmul kwenye visima vya mafuta,
wiki mbili jangwani, wiki mbili nyumbani.
Kazi yake huko ni mabomba.
"Usiiguse," alisema. "Weka bakuli. N'takuja."
Siku kumi.

Nikaweka bakuli.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa,
wala hatukuambiwa kikijaa nani akamwage.
Saa nane usiku, mimi.
Saa kumi kasoro, kabla ya adhana, mimi.
Zulia la mama mkwe likaanza kunuka ufukwe.

Siku ya nne nikaenda eneo la viwanda, kwa Biju,
duka lisilo na jina wala kiti.
Kiarabu chake cha kuokoteza, changu cha kuazima,
nikamchorea kiungo nyuma ya risiti ya petroli.
Akatia kidole kwenye kopo la kahawa,
kikatoka kimevaa pete ya mpira, ya kijani.
Baisa mia mbili.
Nikamwonyesha spana ukutani: na hii?
Akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo.
Nilifika nyumbani ndipo nikajua ilikuwa hapana.

Nikazima pampu.
Nyumba nzima ikanyamaza, sikujua ilikuwa ikisema.
Vitatange wetu wawili wakaganda ndani ya kioo,
wakanitazama kwa jicho moja moja.
Pampu ikilala, pumzi yao ni ya kuhesabu,
basi nikampandisha Mazin juu ya kiti na kikombe cha chai:
chota, mimina, chota, mimina, usichoke.
"Moja, mbili, thalatha, nne, khamsa,"
akichanganya hesabu za bibi zake wawili.

Nikafunga valvu juu, nikafunga chini.
Nati haikutaka. Nikaipa mikono miwili, nikaipa bega,
nikaitukana kwa Kiswahili, ikaelewa.
Pete ya zamani ikatoka bapa, imepasuka,
nyembamba kama ukucha uliokatwa.
Haikuliwa na chumvi. Haikuliwa na miaka.
Ilisagwa na mkono wa mtu
aliyetaka sana isivuje.

Nilikaa pale sakafuni, suruali imelowa magotini,
pete kiganjani,
Mazin yuko mia na kitu.

Kisha nikafuta uzi wa kiungo kwa kitambaa,
nikapitisha mafuta kidogo, nikaiweka ya kijani,
nikakaza kwa mkono.
Mkono ulitaka kuongeza.
Nikauambia basi.
Pampu ikakohoa, ikatapika mapovu, ikashika mwendo,
na Mazin akauliza kama anaruhusiwa kuacha.

Zahran alirudi Alhamisi, vumbi hadi kwenye nyusi.
Kiatu kimoja mguuni, akafungua kabati.
Akapapasa kiungo, akanusa vidole.
Vikavu.
Akauona ule ukingo wa kijani ukichungulia,
na mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe,
ukaenda kwenye droo ya spana.

"Zahran," nikasema, "wacha."

Mkono ukakaa droo wazi.
Akaniangalia mimi, akaangalia nati.
Tukasikiliza pamoja, hadi kumi na moja,
hadi ishirini.
Nje, kiyoyozi cha jirani kilikuwa kikidondosha maji
juu ya paa la gari letu.
"Hilo," akasema, "si letu,"
akaketi kuvua kiatu cha pili.